Mchanganyiko wa lami ya povu unafeli ukiwa mpya, lakini unafaulu ukishazeeshwa: kosa ni la maji au la joto?

Mpima Sampuli

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika maabara ya barabara, na kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikilinganisha michanganyiko miwili iliyotoka kwenye mtambo mmoja. Kokoto ni zilezile, mpangilio wa saizi zake ni uleule, na lami ni ileile ya daraja la 60/70 (namba za kupimia ugumu wake) kwa kiwango cha asilimia 5 ya uzito wa mchanganyiko. Tofauti ni kwamba mmoja ulichanganywa kwa njia ya kawaida kwenye nyuzi 160 za Selsiasi, na mwingine ulichanganywa kwenye nyuzi 135 baada ya lami kupulizwa maji ya asilimia 2 ya uzito wake ili ifanye povu.

Kabla ya kushindilia sampuli niliuweka mchanganyiko kwenye oveni kwa saa 2, ule wa moto kwenye nyuzi 135 na ule wa povu kwenye nyuzi 116. Kisha nikazipitisha sampuli kwenye kipimo cha gurudumu cha Hamburg, ambapo gurudumu la chuma huenda na kurudi juu ya sampuli iliyozamishwa katika maji ya nyuzi 50. Mchanganyiko wa moto ulimaliza mapito 20,000 bila taabu. Ule wa povu ulifikia mapema kikomo cha kuzama cha milimita 12.5, na kabla ya hapo mstari wa grafu ulikuwa umeshapinda ghafla kuelekea chini, jambo ambalo wengi wetu tunalisoma kama dalili ya lami kubanduka kwenye mawe.

Kilichonitatiza ni seti ya pili. Niliziacha sampuli zilizokwisha kushindiliwa kwenye oveni ya nyuzi 85 kwa siku 5, kisha nikarudia kipimo kilekile, na tofauti kati ya michanganyiko hiyo miwili ikawa ndogo sana. Msimamizi wangu amekwisha kuandika katika rasimu ya ripoti kwamba maji yameiharibu lami na kwamba njia ya povu isitumike tena. Mimi siamini kwamba lami iliyoharibika inaweza kujiponya kwenye oveni, ila sina hoja iliyokamilika ya kumjibu. Je, povu huibadili lami yenyewe, au tunachokiona ni tofauti ya kuzeeka tu? Na katika kusanifu, matokeo yapi niyaamini, ya sampuli mpya au ya zile zilizozeeshwa?

Kemia ya Barabara

Ndugu Mpima Sampuli, shaka yako ni ya haki. Tuanze na kinachotokea ndani ya bomba. Maji yanapokutana na lami ya nyuzi 160 na kitu hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hunaswa ndani ya utando mwembamba wa lami, ndipo lami inapovimba mara kadhaa ya ujazo wake. Kilichobadilika hapo ni umbo. Eneo la lami limeongezeka na mnato wake umeshuka kwa muda, kwa hiyo inaweza kuyavika mawe hata yakiwa na joto dogo. Mapovu makubwa hupasuka ndani ya sekunde chache, yale madogo sana huendelea kusaidia wakati wa kuchanganya na pengine wakati wa kushindilia, halafu mvuke hutoka na lami hubaki kuwa lami. Mguso wa muda mfupi namna hiyo kati ya maji na lami hauachi alama kubwa ya kikemia.

Kuzeeka ni jambo la namna nyingine kabisa. Mafuta mepesi huvukizwa, na oksijeni hujishika kwenye molekuli na kuzalisha makundi ya kabonili na salfoksidi. Ukiipima lami kwa miali ya infraredi, kabonili huonekana karibu na namba ya mawimbi 1700 kwa sentimita na salfoksidi karibu na 1030. Kadiri makundi hayo yanavyoongezeka ndivyo molekuli zinavyoshikamana, sehemu ya asfalteni, yaani molekuli nzito na ngumu za lami, inakua, na lami inakuwa ngumu zaidi na yenye kuvunjika upesi. Sehemu kubwa ya uzee wa awali hutokea ndani ya mtambo wenyewe, kwa sababu pale lami imetandazwa juu ya mawe ya moto ikiwa utando wa mikroni chache tu, huku hewa ya moto ikiipitia. Kwa makadirio yanayotumiwa mara nyingi, kasi ya oksidishaji huongezeka takriban maradufu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10. Wewe umeshusha joto kwa nyuzi 25, na hata kama makadirio hayo hayashiki sawasawa katika kila lami, unaona mwenyewe kwamba lami yako ya povu imetoka mtamboni ikiwa bado changa.

Kwa hiyo gurudumu limekuta mchanganyiko laini zaidi, nao ukazama zaidi. Siku 5 za nyuzi 85 zimeipa lami hiyo sehemu ya ugumu ambao mwenzake alikuwa ameupata tangu mtamboni, na kwa kuwa lami ambayo haijazeeka ina nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuzeeka, pengo likapungua. Lami iliyoharibika kweli isingefanya hivyo.

Angalizo moja kuhusu chupa zinazozunguka, kile kipimo cha nyuzi 163 kwa dakika 85 tunachokitumia kuiga uzee wa mtamboni. Kilibuniwa kwa ajili ya mchanganyiko wa moto. Ukiichukua lami yako, ukaizungusha humo na kuandika kwamba huo ndio uzee wa mchanganyiko wa povu, utakuwa umeizeesha kupita inavyozeeka kweli, na makadirio yako ya mfuo wa magurudumu, yaani mtaro ambao magari huuchimba barabarani, yatakuwa ya kujifariji.

Mzee wa Mtambo

Nimesoma maelezo ya ndugu Kemia na sina ugomvi nayo, ila yeye anatazama lami, na mimi baada ya miaka mingi ya kukaa karibu na moto wa mtambo nimejifunza kutazama mawe kwanza. Nipeni nafasi nipige hesabu kidogo.

Tani moja ya mchanganyiko wako ina kilo 50 za lami. Asilimia 2 ya hizo ni kilo 1 ya maji. Hayo ndiyo maji yote yaliyoingizwa kwa ajili ya povu, na kilo hiyo moja ikigeuka mvuke katika kanieneo ya kawaida hujaa karibu mita 1.7 za ujazo, kwa hiyo sehemu kubwa yake hutoroka kabla hata tipa halijapakiwa. Sasa chukua mawe ambayo hayakukaushwa vizuri, yakabaki na unyevu wa asilimia 0.5 tu. Hizo ni takriban kilo 5 za maji kwa tani, mara tano ya yale ya povu, nayo yamejificha ndani ya vinyweleo vya jiwe, chini ya utando wa lami. Ili kilo 5 hizo zigeuke mvuke zote, zinakula joto la kutosha kuishusha tani nzima kwa nyuzi 12 hivi. Kwenye mtambo wa nyuzi 160 moto ni mwingi na mawe hukauka hata kama mwendeshaji amezubaa kidogo. Ukiteremka hadi nyuzi 135, mwendeshaji hupunguza moto, mawe hupita kwenye pipa la kukaushia kwa kasi ileile, na yale yenye vinyweleo vingi hutoka nje yakiwa yamekauka uso tu.

Ndiyo maana nashuku ule mpindo wa grafu yako. Ulaini wa lami peke yake huchimba mfuo polepole, mstari ukiendelea kushuka kwa mteremko wa namna moja. Mstari unaopinda ghafla unaniambia kwamba lami inaachana na jiwe. Zivunje hizo sampuli zilizofeli, uzitazame kwa macho kabla hujazipeleka kwenye chombo kingine chochote. Ukiona kokoto kubwa ziko uchi, zenye uso safi kama zilizooshwa, ilhali chembe ndogo bado zimevikwa vizuri, basi uchunguzi wako uhamie kwenye lundo la mawe.

Jambo la pili ni ubora wa povu lenyewe. Je, kuna mtu aliyelipima? Kipimo ni rahisi mno: unafyatua gramu 500 za lami kwenye ndoo ya chuma, unasoma kwa kijiti lilipofika povu juu kabisa, kisha unahesabu kwa saa ya mkononi sekunde ambazo povu linashuka hadi nusu ya ujazo huo. Watu wanaotengeneza tabaka za msingi kwa lami ya povu ya baridi hutaka povu livimbe walau mara 8 na lidumu walau sekunde 6 kabla ya kushuka nusu. Kwa mchanganyiko wa moto mdogo mapovu madogo yana kazi kubwa kuliko mapovu marefu, kwa hiyo sisemi kwamba namba hizo zikubane, lakini ndoo itakuonyesha kama una povu au una mate. Nimewahi kuona shehena ya lami iliyokataa kabisa kufura kwa sababu kulikuwa na silikoni ya kuzuia povu, tulizunguka na mashine siku nzima tukibadilisha kipimo cha maji, na kosa halikuwa letu hata kidogo.

Mambo haya si mageni. Ladis Csanyi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, alifanya povu la lami kwa kutumia mvuke mwaka 1956, na mwaka 1968 kampuni ya Mobil nchini Australia ikaweka maji baridi mahali pa mvuke, kwa kuwa si rahisi kuburuta boila ya mvuke kwenda eneo la kazi. Nasema hivi kwa sababu kila kizazi cha mafundi hulituhumu povu upya.

Oveni Baridi

Nakubaliana na sehemu kubwa ya yaliyosemwa, lakini nataka tusikimbilie kufurahi. Naona mambo matatu ambayo yanaweza kumpotosha ndugu yetu, na la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi.

Kwanza, sampuli zako zilikuwa na hewa kiasi gani? Kama zote zilishindiliwa hadi asilimia 7, sawa. Ila kama ulihesabu mapigo ya kushindilia tu ukaacha hewa iwe vyovyote itakavyokuwa, mchanganyiko wa nyuzi 116 huenda ulibaki na matundu mengi zaidi, na matundu yanayounganika hupitisha maji na oksijeni kwa pamoja. Hapo ungekuwa umepima ushindiliaji huku ukidhani umepima povu. Hata barabarani ni hivyohivyo: faida yote ya kuizeesha lami kidogo mtamboni hupotea katika miaka michache kama roli za kushindilia ziliacha hewa nyingi, kwa sababu lami changa ndani ya tabaka lenye matundu huzeeka kwa haraka.

Pili, siku 5 za nyuzi 85 kwenye sampuli iliyoshindiliwa hazifanani sana na miaka ya barabarani. Oksijeni huanzia kwenye ngozi ya sampuli na kuingia ndani taratibu, kwa hiyo sehemu ya nje huzeeka kuliko kiini, na sampuli yenyewe huweza kulegea na kubadilika umbo ikiwa kwenye joto hilo. Siku hizi watafiti wengi hupendelea kuuzeesha mchanganyiko ukiwa bado haujashindiliwa, umetandazwa kwenye sinia, kwa nyuzi 95 na kwa siku nyingi zaidi. Wapo wanaotaka kuharakisha kwa kupandisha hadi nyuzi 135. Mimi siungi mkono, kwa sababu kwenye joto hilo baadhi ya salfoksidi huanza kuvunjika na lami inazeeka kwa njia ambayo haitaipitia ikiwa barabarani.

Tatu, ule usawa ulioupata baada ya siku 5 haumaanishi kwamba barabara itavumilia hadi siku hiyo ifike. Mfuo wa magurudumu ni ugonjwa wa utotoni, huja katika misimu ya kwanza ya joto ambapo uso wa barabara hupita nyuzi 60 na lami bado haijakomaa. Nyufa ni ugonjwa wa uzeeni. Mchanganyiko wa povu, ukitengenezwa vizuri, unatarajiwa kuchelewesha nyufa kwa kuwa ulianza safari ukiwa na uzee mdogo, lakini lazima kwanza uvuke utoto wake. Ndiyo sababu jibu langu kwa swali lako la mwisho ni kwamba sampuli mpya zikuongoze katika mfuo na maji, na sampuli zilizozeeshwa zikuongoze katika nyufa. Kutafuta seti moja ya kuamini kwa kila kitu ni kutafuta usumbufu.

Kuhusu kutenganisha maji na joto, mbona hujafanya jaribio lililo wazi kabisa? Kausha mawe yako kwenye oveni hadi uzito usipungue tena. Tengeneza mchanganyiko wa tatu kwa lami ileile, kwenye nyuzi zilezile 135, bila tone la maji, na mwingine kando yake wenye povu, vyote viwili juu ya mawe hayo makavu. Bila hiyo seti ya katikati unalinganisha vitu ambavyo vimetofautiana mara mbili, kisha unauliza ni tofauti ipi iliyoleta matokeo.

Mpima Sampuli

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Hewa ilikuwa asilimia 7 kwa sampuli zote, nikiruhusu nusu asilimia juu au chini, kwa hiyo hapo niko salama.

Nimevunja sampuli mbili zilizofeli kama Mzee wa Mtambo alivyoagiza, na kwa kweli nimeshtuka. Chini ya njia ya gurudumu kokoto kubwa zilikuwa zimebaki na madoa ya lami tu pembeni, na ukizigusa kwa kidole unahisi unyevu uliotoka ndani, ilhali mchanga na vumbi la mawe lililozizunguka lilikuwa jeusi kama kawaida. Sampuli za moto nilizozivunja kwa kulinganisha zilipasuka zikiwa nyeusi sehemu zote. Pia nilipima mchanganyiko wa povu uliotoka mtamboni kwa kuukausha, na maji yaliyotoka yalizidi kilo 1 kwa tani, kiasi ambacho bomba la povu lisingeweza kukitoa hata kama hakuna mvuke wowote uliotoroka.

Sasa nina swali la nyongeza kabla sijarudi maabara. Mbali na kukausha, ni nini kingine kinachoweza kuusaidia mchanganyiko huu uvuke utoto wake bila kurudisha joto hadi nyuzi 160?

Kemia ya Barabara

Hapo jibu langu la kwanza linahitaji kurekebishwa. Nilikupa kuzeeka kama sababu pekee, na macho yako yamekuonyesha kwamba maji ya mawe yalikuwa na fungu lake kubwa. Mzee wa Mtambo apewe haki yake.

Kwa swali lako, mimi ningeanza na chokaa iliyozimuliwa kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mawe. Huimarisha mshikamano wa lami na jiwe mbele ya maji, huongeza ugumu wa awali kidogo, na katika lami nyingi hupunguza kasi ya ugumu unaoletwa na oksidishaji baadaye, hivyo inakusaidia katika pande zote mbili za umri. Dawa za majimaji za kushikamanisha nazo hufanya kazi, ila hakikisha zinavumilia joto la tangi na pima tena povu baada ya kuzitia, kwa sababu zinaweza kulibadilisha. Njia ya tatu ni kuongeza lami ya zamani iliyokwanguliwa barabarani, kwa kuwa tayari ni ngumu na itafidia ulaini wa ile changa. Usiitie kwa wingi bila kupima, maana kwenye nyuzi 135 lami ya zamani haiyeyuki na kuchanganyika na mpya kikamilifu kama inavyofanya kwenye nyuzi 160, na usipoangalia utakuwa na vipande vigumu vinavyoelea katika mchanganyiko laini.

Mzee wa Mtambo

Naongeza dogo. Lundo la mawe lifunikwe na sakafu yake iwe na mteremko, na mwendeshaji asichote kwenye kitako cha lundo, kwa kuwa maji hushukia huko. Kisha punguzeni kasi ya kulisha pipa la kukaushia. Wenye mradi watalalamika kwamba tani kwa saa zimepungua, waacheni walalamike.

Mpima Sampuli

Ndugu zangu, nimerudi na matokeo. Maabara yetu ina kifaa kidogo cha kutengenezea povu, kwa hiyo niliweza kufanya kama Oveni Baridi alivyoelekeza, kwa mawe yaliyokaushwa hadi uzito ukatulia. Mchanganyiko wa nyuzi 135 usio na povu na ule wenye povu ulikwenda karibu sambamba chini ya gurudumu, tofauti yao ikiwa ndogo kuliko tofauti iliyopo kati ya sampuli mbili za mchanganyiko mmoja. Yote miwili ilizama zaidi ya ule wa moto, lakini kwa mteremko wa namna moja na bila mpindo, na yote miwili ilimaliza mapito 20,000. Nilipozivunja, kokoto zilikuwa nyeusi.

Msimamizi amekubali kuifuta ile sentensi ya maji kuiharibu lami. Mahali pake ameandika kwamba mchanganyiko urudiwe mtamboni ukiwa na chokaa asilimia 1, na kwamba unyevu wa mawe upimwe kila asubuhi kwenye mdomo wa pipa la kukaushia kabla ya lami kufunguliwa. Sampuli za kuzeesha kwa nyuzi 95 zimeingia kwenye oveni jana, zikiwa zimetandazwa kwenye masinia.